Mtoto Maskini Huanza Kufeli Kabla ya Kufika Darasani

Matokeo ya mitihani yakitoka mabaya, lawama zina njia zake zilizozoeleka. Mwalimu hulaumiwa kwanza, kisha mtaala, kisha wazazi "wasiojali", na siku hizi simu za mkononi. Umaskini nao hutajwa, lakini hutajwa kama majaliwa: jambo la kusikitisha ambalo hakuna aliyelileta na hakuna awezaye kuliondoa. Baada ya hapo mjadala hurudi kwa mwalimu.

Sidhani mpangilio huo wa lawama umetokea kwa bahati. Sehemu kubwa ya tunachokiita kufeli kwa shule hutengenezwa nje ya uzio wa shule, na viongozi wengi wananufaika jambo hilo likiendelea kuonekana la kishule. Shule ina mkuu wa kuhamishwa na jengo la kuzindua. Umaskini wa mtoto hauna utepe wa kukatwa.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Mwaka 2023 Benki ya Dunia na UNICEF walikadiria kwamba watoto milioni 333 walikuwa wakiishi, mwaka uliotangulia, katika kaya zenye chini ya dola 2.15 kwa mtu kwa siku. Huyo ni mtoto mmoja kati ya sita duniani. Watoto ni kama theluthi ya watu wote wa dunia, lakini ni zaidi ya nusu ya mafukara wake. Na hiyo ni hesabu ya fedha peke yake. Ukiuliza kwa namna nyingine, yaani nani amekosa maji safi, choo, chanjo, lishe au nafasi ya kusoma, idadi inapanda hadi takriban bilioni moja.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Mwaka 2022 Benki ya Dunia pamoja na washirika wake walikadiria kuwa, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 70 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi nyepesi. Kabla ya janga la Uviko-19 walikuwa 57. Wengi wa watoto hao wameandikishwa shule. Majina yao yanaitwa asubuhi na wao huitikia.

Kuna umaskini wa namna mbili, na watu hubishana bure kwa sababu mmoja anasema wa kwanza na mwenzake anasema wa pili. Nchi tajiri, hasa za Ulaya, hupima kwa kulinganisha: kaya yenye kipato kilicho chini ya asilimia 60 ya kipato cha kaya iliyo katikati kabisa ya orodha huhesabiwa maskini. Mtu akiona mtoto wa kaya kama hiyo ana viatu vizuri na televisheni nyumbani, husema huo si umaskini bali ni deko. Lakini shule hupangwa kwa kumfikiria mtoto wa kawaida wa nchi husika. Kazi za nyumbani hutolewa kwa kudhani ana meza, mwanga na intaneti. Safari za mafunzo hupangwa kwa kudhani mzazi ana pesa ya ziada mfukoni. Anayekosa vile ambavyo shule imekwisha kuvidhania hasomi shule moja na wenzake, hata kama wameketi dawati moja. Kwa hiyo namna zote mbili za umaskini zinahusu kujifunza, ingawa ukali wake haulingani.

Mwili ndio huanza

Ubongo wa mtoto ni mlaji mkubwa. Akiwa na miaka mitano hivi, zaidi ya asilimia 40 ya nishati inayotumiwa na mwili wake huenda kuuendesha ubongo. Mtu mzima hutumia sehemu ndogo zaidi kwa kazi hiyo. Chakula kikipungua wakati huo, mwili hauna pa kubana matumizi.

Athari kubwa zaidi hutokea mapema kuliko watu wanavyodhani, katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Karibu watoto milioni 150 wenye umri wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Ufupi ni dalili ya nje tu. Dhiki iyo hiyo iliyozuia mifupa kukua imekwisha kupita kwenye ubongo uliokuwa ukijijenga.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili unatoka Guatemala. Kati ya 1969 na 1977 watafiti walichagua vijiji vinne. Viwili vilipewa uji wenye protini nyingi, viwili vikapewa kinywaji kitamu kisicho na protini. Kisha wakangoja. Miaka mingi baadaye waliwatafuta watoto wale, sasa watu wazima, na kukuta kwamba wanaume waliopata uji ule kabla ya kufikisha miaka mitatu walikuwa wakilipwa kwa saa takriban asilimia 46 zaidi ya wenzao. Waliopata uji ule wakiwa wakubwa zaidi hawakuonyesha tofauti hiyo. Mlango ulikuwa umeshafungwa, tena miaka kadhaa kabla mwalimu yeyote hajawaona.

Kuna mengine madogomadogo, na naona udogo wake ndio unaoyafanya yapuuzwe. Upungufu wa madini ya chuma huleta upungufu wa damu; mtoto haanguki wala halii, anakaa tu akiwa mzito, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu. Upungufu wa madini joto wakati wa ujauzito hudhuru akili ya mtoto kabla hajazaliwa, na dawa yake ni kutia madini hayo kwenye chumvi, kazi isiyo na gharama kubwa. Halafu kuna madini ya risasi, yale yaliyomo kwenye betri za magari na rangi za zamani. Ripoti ya mwaka 2020 ya UNICEF na shirika la Pure Earth ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi milioni 800, ana risasi mwilini kwa kiwango kinachostahili hatua kuchukuliwa. Risasi hupunguza akili na uwezo wa kutulia, na huwapata zaidi wanaoishi jirani na karakana za kuyeyushia betri, ambako kodi ya nyumba ni nafuu. Hata macho yamo kwenye orodha hii. Nchini China, katika majimbo ya Gansu na Shaanxi, watafiti waliwapa miwani ya bure watoto wa shule wasioona mbali, na alama zao za hisabati zikapanda kuliko za wenzao wasiopewa. Watoto wale walikuwa na akili timamu siku zote. Ubao ndio waliokuwa hawauoni.

Minyoo nayo ina kisa chake. Mwaka 1998, huko Busia magharibi mwa Kenya, shule 75 ziliingizwa kwenye mradi wa kugawa dawa za minyoo kwa awamu. Utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizoanza kupewa dawa. Mmoja wa waliofanya utafiti huo, Michael Kremer, alikuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Lakini alama za mitihani hazikupanda, na miaka ya baadaye watakwimu waligombana vikali kuhusu namna hesabu zilivyofanywa. Ugomvi huo haujaisha. Lililonivutia ni la baadaye: walipofuatiliwa baada ya miaka 20, waliopata dawa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 13. Faida ambayo mtihani wa mwisho wa mwaka haukuiona ilionekana miongo miwili baadaye. Nitairudia hoja hii tukifika kwenye siasa.

Kichwa kilichojaa mambo mengine

Mwili ukiwa sawa, bado kuna nyumba. Umaskini maana yake ni kutojua. Kutojua kama kodi ya mwezi huu italipwa, kama tutahama, kama mama atarudi na chochote. Mtoto anayeishi hivyo hukaa na homoni za msongo zikiwa juu kwa muda mrefu, na sehemu ya ubongo inayoathirika zaidi ni ile inayotumika kutulia, kukumbuka maelekezo na kujizuia. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 40, fanyeni swali la tatu, msifanye la nne", amemtaka mtoto atumie sehemu iyo hiyo.

Hali hii haiwapati watoto peke yao. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Wakulima hao hulipwa mara moja baada ya mavuno, hivyo kila mmoja huwa na miezi ya ukata na miezi ya nafuu. Walipimwa uwezo wa kufikiri katika vipindi vyote viwili. Mtu yule yule alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno kuliko baada yake. Elimu yake na akili yake vilikuwa vile vile. Kilichokuwa kimebadilika ni mzigo wa mawazo kichwani. Huyo ndiye mzazi ambaye jioni anatarajiwa akague daftari, amsomee mwanawe hadithi na azungumze naye kwa upole.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna hadithi inayopendwa sana, kwamba tatizo ni wazazi maskini kutozungumza na watoto wao. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani walidai kwamba mtoto wa kaya maskini anapofika miaka minne huwa amesikia maneno milioni 30 pungufu kuliko mtoto wa kaya yenye nafasi. Takwimu hiyo ilisafiri dunia nzima, ikaingia kwenye hotuba na miradi. Ilitokana na kaya 42 tu, na za maskini kabisa zilikuwa chache mno. Watafiti waliolirudia swali hilo baadaye hawakuliona pengo kubwa kiasi hicho, hasa walipohesabu pia maneno ya bibi, ndugu na majirani wanaomzunguka mtoto. Kuzungumza na mtoto kuna faida, hilo halina ubishi. Ila kiongozi akiukumbatia utafiti wa kaya 42 na kuziacha tafiti za lishe zenye ushahidi mzito zaidi, nashuku ni kwa sababu kumhubiria mzazi hakuna gharama kwenye bajeti.

Halafu kuna muda. Mtoto maskini ana muda mchache wa kusoma kuliko mwenzake, kwa hesabu ya kawaida kabisa. Anachota maji, analea wadogo zake, anauza kitu baada ya masomo, anakosa siku za wiki ambazo mzazi ameugua. Kaya inayohamishwa na kodi humhamisha naye, na kila shule mpya iko mahali tofauti kwenye kitabu. Ukiondoa siku mbili kila mwezi kwenye somo la sehemu na desimali, hatakosa siku mbili tu. Atakosa kila kitu kinachojengwa juu ya sehemu na desimali. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kurudi nyuma kumchukua. Darasa linasonga na yeye anabaki akinakili ubaoni asichokielewa, kwa mwandiko mzuri.

Je, pesa yenyewe inasaidia?

Wapo wanaouliza kama tunachanganya mambo: huenda kinachowaumiza watoto si kukosa pesa bali mengine yanayoandamana na kukosa pesa. Ni swali la haki. Kulijibu kunahitaji hali ambayo pesa imeongezeka bila jambo lingine kubadilika, na hali kama hiyo ni adimu.

Ilitokea moja North Carolina, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Watafiti walikuwa tayari wanafuatilia afya ya akili ya watoto wa eneo hilo wakati watu wa Cherokee wa Mashariki, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walipofungua kasino na kuamua kugawa sehemu ya faida kwa kila mtu mzima wa kabila, awe na kazi au asiwe nayo. Majirani wasio wa kabila hilo hawakupata kitu. Katika kaya zilizokuwa maskini kabisa, nyongeza ya takriban dola 4,000 kwa mwaka iliwaongezea watoto karibu mwaka mzima wa masomo walipofikia umri wa miaka 21, na makosa ya jinai yakapungua. Hakuna aliyewafundisha wazazi hao malezi. Walilipwa tu.

Upande wa pili pia una ushahidi wake, na makala inayouficha haifai kusomwa. Kuanzia 2018 mradi mmoja mkubwa nchini Marekani uliwagawa kwa bahati nasibu akina mama maskini wapatao 1,000 waliokuwa wamejifungua: wengine walipewa dola 333 kila mwezi, wengine 20. Watoto walipopimwa wakiwa na miaka minne, makundi hayo mawili hayakutofautiana katika lugha wala tabia. Waliotarajia ushindi rahisi walinyong'onyea. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayafuti ya North Carolina, maana yalikuja katikati ya janga la Uviko-19, wakati serikali ilikuwa inazipa kaya nyingi fedha, na katika miji ambayo kodi ya nyumba inaweza kuimeza dola 333 isionekane. Lakini yanatuonya tusiseme kwamba kiasi chochote cha fedha, popote, kitaleta matokeo yale yale.

Jamaika inaongeza kipande kingine. Mwaka 1986 na 1987, jijini Kingston, timu ya mtafiti Sally Grantham-McGregor iliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa lishe ya ziada. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Lishe ilisaidia kwa muda, kisha athari yake ikafifia. Michezo haikufifia. Baada ya miaka 20 waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 cha wale wasiotembelewa, na wakawa wamewafikia watoto wasiodumaa. Ukilinganisha na Guatemala utaona majibu hayakubaliani kikamilifu kuhusu lishe. Yanakubaliana kuhusu wakati: mapema sana, kabla ya darasa la kwanza, na nyumbani kuliko shuleni.

Miwani ya mbao

Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa mwanasiasa wa leo methali hiyo inampa udhuru asiostahili. Anamjua. Ripoti zipo mezani kwake, takwimu husomwa bungeni, na wakati wa kampeni amekaa kwenye nyumba hizo na kupigwa picha. Amevaa miwani ya mbao, na inafaa kujua kwa nini imemkaa vizuri.

Sababu ya kwanza ni kura. Mtoto hana. Kwa takwimu za Shirika la Kazi Duniani za mwaka 2023, karibu watu 80 kati ya 100 waliopita umri wa kustaafu hupata pensheni ya aina fulani. Watoto wanaofikiwa na fedha za hifadhi ya jamii ni kama 28 kati ya 100, na katika nchi maskini ni chini ya 10. Siwaonei wazee wivu. Pensheni yao mara nyingi ndiyo inayolisha wajukuu. Nasema tu kwamba mzee anapanga foleni kituoni siku ya uchaguzi.

Ya pili ni muda. Rudi Busia na Kingston. Faida ilionekana baada ya miaka 20, na gharama ililipwa mwaka wa kwanza. Kiongozi mwenye muhula wa miaka minne au mitano akiwekeza kwa mtoto wa mwaka mmoja, matunda yatavunwa na mpinzani wake, au na mtu ambaye bado anasoma sekondari. Darasa jipya hukamilika ndani ya muhula. Hapa sitaki kumlaumu mwanasiasa peke yake, kwa sababu ni sisi wapiga kura tunaolipigia makofi darasa.

Ya tatu ni kipimo. Uandikishaji ni rahisi kuhesabu, na nchi nyingi zimeupandisha kwa fahari na kwa haki kabisa. Malawi ilifuta ada za shule za msingi mwaka 1994, Uganda 1997, Kenya 2003, na kila mahali watoto walimiminika. Kuna wanaozibeza hatua hizo leo. Mimi si mmoja wao. Watoto wale wangebaki nyumbani. Lakini kufuta ada hakukufuta gharama. Sare, daftari, michango, na ile pesa ambayo mtoto angeleta nyumbani kama angefanya kazi, vyote vilibaki, na darasa likajaa. Takwimu ya uandikishaji ikaendelea kusomwa kama ushindi hata pale watoto walipomaliza bila kujua kusoma.

Ya nne haitajwi sana: fedha za elimu zenyewe huelekea juu. Mwaka 2023 UNICEF ilichambua takwimu za nchi 102 na kukuta kwamba sehemu moja kati ya tano ya wanafunzi, ile iliyo maskini zaidi, hufaidika na asilimia 16 ya fedha za umma za elimu, na ile iliyo tajiri zaidi hupata 28. Katika nchi za kipato cha chini ni 11 kwa 42. Hakuna aliyeandika sheria ya kumpendelea tajiri. Ni kwamba fedha kwa kila mwanafunzi huongezeka kadiri ngazi zinavyopanda, na maskini huwa wameshaacha shule. Kuurekebisha mgawanyo huo maana yake ni kuchukua kutoka vyuo vikuu kupeleka chekechea, na wanafunzi wa chuo huandamana. Wa chekechea hawaandamani.

Juu ya hayo yote kuna simulizi inayomstarehesha kila mtu. Kila mwaka hupatikana mtoto aliyetoka kwenye dhiki akaongoza mtihani. Anapigwa picha, anapewa zawadi, na kiongozi anasema: mnaona, umaskini si kisingizio. Mtoto huyo anastahili sifa zote. Kumtumia yeye kuwahukumu maelfu waliobaki nyuma ni jambo lingine, maana wakati tunamshangilia tumekiri wenyewe kwamba alilofanya si la kawaida.

Nchi zilizojaribu, na zilizoacha

Juni 1987, katika kampeni, Waziri Mkuu wa Australia Bob Hawke alitamka kwamba kufikia 1990 hakuna mtoto wa Australia atakayeishi katika umaskini. Hotuba iliyoandikwa ilikuwa imesema kwa tahadhari zaidi: hakuna mtoto atakayelazimika kuishi katika umaskini. Serikali yake iliongeza kweli misaada kwa kaya, na umaskini wa watoto ukapungua, lakini sentensi ile ilimwandama maisha yake yote na yeye mwenyewe alisema anaijutia. Nachelea kwamba viongozi wengi walijifunza somo baya: usiahidi.

Uingereza ilienda mbali zaidi. Machi 1999 Waziri Mkuu Tony Blair aliahidi kuumaliza umaskini wa watoto ndani ya kizazi kimoja. Ruzuku kwa kaya zenye watoto ziliongezwa, na kufikia 2010/11 idadi ya watoto maskini, kwa kipimo cha kulinganisha kabla ya kutoa gharama za nyumba, ilikuwa imepungua kwa takriban milioni moja. Lengo la nusu ya safari, yaani kuwapunguza kwa nusu, halikufikiwa, lakini mwelekeo ulikuwa wazi. Sheria ya 2010 iliifunga serikali kwa malengo ya kipato. Kisha serikali ikabadilika, ruzuku zikapunguzwa, na mwaka 2016 malengo hayo yakafutwa kisheria. Mahali pake serikali ilitakiwa kutoa taarifa kuhusu kaya zisizo na mwenye kazi na kuhusu matokeo ya wanafunzi wa miaka 16. Tume iliyokuwa na maneno "umaskini wa watoto" katika jina lake ikaondolewa maneno hayo. Funika kombe. Ni mabwana wa baraza la juu la bunge walioshikilia kwamba angalau takwimu za kipato ziendelee kuchapishwa.

Tazama kilichofanyika pale: kipimo kilitolewa kwenye mfuko wa kaya kikapelekwa kwenye karatasi ya mtihani. Baada ya hapo, mtoto akishindwa, anayejibu ni shule. Mwaka uliofuata, Aprili 2017, ikaanza kanuni ya kuzinyima kaya ruzuku ya mtoto wa tatu na wanaofuata. Ilidumu chini ya serikali za vyama vyote viwili vikubwa hadi Novemba 2025, serikali ilipotangaza kwamba itaifuta kuanzia Aprili 2026. Mtoto wa tatu aliyezaliwa mwezi ilipoanza anakuwa na miaka tisa wakati huo.

Marekani ilitoa ushahidi mkali kuliko wote, tena kwa muda mfupi. Mwaka 2021 nafuu ya kodi kwa wenye watoto iliongezwa hadi dola 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita na 3,000 kwa wakubwa wao, ikaanza kulipwa kila mwezi kuanzia Julai, hata kwa wazazi wasio na kipato cha kutozwa kodi. Kwa kipimo cha ofisi ya sensa kinachohesabu misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kwa kipimo hicho. Congress, bunge la nchi hiyo, haikuongeza muda. Mwaka 2022 kiwango kilirudi asilimia 12.4. Watoto zaidi ya milioni tano walirudi chini ya mstari wa umaskini ndani ya mwaka mmoja, bila ukame, bila vita.

New Zealand ilichagua njia ya kuuzuia ukimya. Sheria yake ya mwaka 2018 inailazimu kila serikali, ya chama chochote, kuweka malengo ya kupunguza umaskini wa watoto na kuchapisha vipimo kila mwaka. Na siku ya bajeti ni lazima ielezwe bajeti hiyo inawafanyia nini watoto maskini. Malengo ya kati yaliyowekwa kwa mwaka 2023/24 hayakufikiwa. Serikali inaweza kushindwa, na imeshindwa, lakini takwimu za kushindwa kwake zinatolewa na ofisi ya takwimu kwa tarehe inayojulikana, na waziri anaulizwa juu yake kabla ya mkuu wa shule yoyote.